Kiyoyozi cha Motokaa Kinapoacha Kutoa Baridi

Mtu aendeshaye motokaa katika joto la Mombasa au la Garissa hutambua mara moja siku ambayo kiyoyozi chake kimeacha kufanya kazi. Hewa yamvumia usoni, lakini ni hewa ya joto kama ile ya nje. Wengi humwendea fundi aliye karibu na kumwambia, "Nitilie gesi." Fundi huitia, hulipwa fedha yake, na baridi hurudi. Baada ya majuma machache joto nalo hurudi, na fedha hutoka tena. Makala haya yataka kueleza sababu ya jambo hilo, na jinsi mwenye gari awezavyo kuitafuta kasoro kabla ya kufungua mfuko wake.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani ya gari na kulitupa nje. Kila nyumba yenye mtungi wa udongo yaijua kanuni hii: maji yapenyayo katika udongo hukauka kwa nje, na kwa kukauka kwake huchukua joto la maji yaliyomo. Katika gari, badala ya maji hutumika gesi maalum. Kompresa, ambayo katika magari mengi huzungushwa na injini, huishindilia gesi hiyo mpaka ikawa moto sana. Kisha gesi hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambamo hupoteza joto na kugeuka kuwa maji. Maji hayo hupenya tundu dogo la valvu na kuingia katika koili ya baridi iliyo nyuma ya dashibodi. Humo huchemka kwa ghafula, huchukua joto la hewa ipitayo, na kurudi kwa kompresa ili kuanza safari upya.

Basi msomaji na aone neno moja kubwa: gesi hii haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka tu. Ikiwa imepungua, imetoka mahali fulani.

Sasa tuiangalie kasoro kwa taratibu. Washa injini, fungulia kiyoyozi mpaka mwisho, ukajiulize maswali haya.

Je, hewa yatoka kwa nguvu? Ikiwa haitoki kabisa, usilaumu gesi. Tazama fyuzi na mota ya feni ya ndani. Ikiwa yatoka kidogo tu, huenda chujio la hewa, ambalo katika magari mengi limo nyuma ya kisanduku cha dashibodi, limejaa vumbi. Ikiwa ilianza kwa baridi kisha ikafifia, huenda koili imeganda barafu.

Ikiwa hewa yatoka kwa nguvu lakini ni ya joto, inua boneti uitazame kompresa. Mbele yake pana gurudumu lizungushwalo na mkanda, na katika magari mengi pana kisahani mbele ya gurudumu hilo. Kiyoyozi kikiwashwa, kisahani hunaswa kwa sumaku ya umeme, kikazunguka pamoja na gurudumu. Kisipozunguka, huenda fyuzi imeungua, au waya umekatika, au gesi imepungua hata swichi ya usalama ikakata umeme. Kikinasa na kuachia mara kwa mara, yamkini gesi ni chache. Tazama kwa macho tu, na mikono iwe mbali, kwani feni yaweza kuanza ghafula. Katika magari yatumiayo petroli na umeme pamoja, kompresa nyingi huendeshwa kwa umeme wenye nguvu ya kuua. Nyaya zake za rangi ya machungwa zisiguswe ila na fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Je, baridi huwapo gari likienda, na kutoweka likisimama katika msongamano? Hapo shuku feni ya kondensa, au matope na wadudu waliojaa katika kondensa yenyewe. Kuiosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi huenda kukatosha.

Maji safi yanayodondoka chini ya gari si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa uliogeuka kuwa maji juu ya koili. Lakini doa la mafuta penye kiungo cha bomba ni dalili ya uvujaji, kwa maana mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Kwa sababu hiyohiyo, anayeongeza gesi mara kwa mara bila kuziba tundu hupoteza na mafuta pia. Mwishowe kompresa hukauka na kusagika, na gharama yake huwa kubwa kuliko kiungo kilichovuja.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, mwombe atafute uvujaji kwanza. Baada ya kuuziba, imempasa kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, kisha kutia gesi kwa kuipima kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa katika kibandiko cha gari. Kipimo cha shinikizo injini ikiwa imezimwa hakionyeshi kiasi cha gesi. Gesi ya kupikia isitiwe kamwe: huwaka moto.

Tena fundi asiiachilie gesi hewani. Gesi ya R134a huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri, na ikiruka machoni yaweza kupofusha. Gesi ya zamani ya R12 ilizuiwa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa iliharibu tabaka la ozoni. R134a haiharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Ndiyo maana mataifa yalipokutana Kigali, Rwanda, mwaka 2016, yalikubaliana kupunguza gesi za namna hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari aulizaye, "Imevujia wapi?" kabla ya kusema, "Nitilie gesi," ameuziba ufa wake mapema.