Je, Wajua? Besi Husikika Hadi Kifuani

Je, wajua kwamba wimbo unaomchezesha mmoja unaweza kumuumiza aliyeketi kando yake? Chukua mfano wa panki na rege. Mwaka 1977 Bob Marley alitoa wimbo "Punky Reggae Party", akiupongeza urafiki wa vijana wa panki na rege jijini London. Mwaka huohuo bendi ya panki The Clash wakarekodi kwa mtindo wao "Police and Thieves", wimbo wa rege wa Junior Murvin. Katika muziki wa namna hii gitaa hukwaruza, ngoma hushtukiza, na uzi mnene wa besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Kwenye spika kubwa, mtetemo huo huingia mpaka kifuani. Baadhi ya wenye kipandauso na wenye usonji huusikia kama maumivu hasa, wala hawadeki.

Wahaya wa Bukoba na Muleba wana ala iliyo kinyume kabisa: enanga. Ni ubao uliochongwa kama kihori, ukapitishiwa uzi unaokwenda na kurudi juu yake. Sauti yake ni ndogo, hivyo wasikilizaji husogea karibu na kunyamaza ili wafuate utendi kama ule wa Rukiza. Ni muziki mzito kwa maneno, mwepesi kwa sikio.

Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa sauti ukumbini usizidi desibeli 100, na pawepo mahali tulivu pa kupumzikia. Mwenye ukumbi, tenga kona hiyo. Nawe mzazi, mtoto akiziba masikio, usimwondoe mikono masikioni. Msogeze mbali na spika.