Kutua kwa ndege kwenye kompyuta: Kwa nini ulaini pekee si kipimo cha rubani hodari

Watu wengi wanaojizoeza urubani nyumbani kwa kompyuta hupima ustadi wao kwa tarakimu moja tu: kasi ya ndege kushuka pale magurudumu yanapogusa ardhi. Tarakimu ikiwa ndogo, hufurahi. Ikiwa kubwa, huvunjika moyo. Katika urubani wa kweli, hata hivyo, kipimo hicho ni kimoja tu kati ya kadhaa, na anayekitegemea peke yake huweza kujijengea mazoea ya hatari.

Programu za kuigiza urubani, kama vile Microsoft Flight Simulator na X-Plane, humwezesha mtu kuketi sebuleni na kuitua ndege Entebbe, Kigali au Dar es Salaam. Mara tu ndege inapotua, programu-nyongeza nyingi humwonyesha mtumiaji ilikuwa ikishuka futi ngapi kwa dakika. Kwa kawaida ndege kubwa ya abiria hugusa ardhi ikishuka kwa futi 100 hadi 250 hivi kwa dakika. Kanuni za uundaji wa ndege za Marekani na Ulaya hutaka miguu ya ndege hizo iweze kuhimili futi 10 kwa sekunde, yaani 600 kwa dakika, ndege ikiwa na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wakati wa kutua. Kwa hiyo, kishindo kidogo ambacho humshtua abiria si lazima kiwe kosa la rubani. Tena, njia ya ndege inapokuwa imelowa, marubani hufundishwa kugusa ardhi kwa uthabiti ili magurudumu yapenye maji na kushika lami.

Gharama ya ulaini

Ndege inayotua kwa kasi ya noti 140, takriban kilomita 260 kwa saa, hupita zaidi ya mita 70 kila sekunde. Rubani anayeiacha ielee juu ya lami kwa sekunde tano zaidi ili iguse kwa upole huwa amekwisha kupoteza karibu mita 360 za njia, mita ambazo breki zingezihitaji.

Ajali iliyotokea Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, inaonyesha uzito wa jambo hilo. Ndege ya Boeing 737-800 ya shirika la Air India Express, iliyokuwa ikitokea Dubai, iliukaribia uwanja ikiwa juu mno. Iligusa ardhi takriban futi 5,200 kutoka mwanzo wa njia yenye urefu wa futi 8,033, ikapita mwisho wake na kuporomoka bondeni. Kati ya watu 166 waliokuwamo, 158 walifariki dunia. Uchunguzi ulibaini kwamba kapteni aliendelea kutua ingawa msaidizi wake alimtaka mara tatu aghairi na kupaa tena. Kosa halikuanzia kwenye magurudumu; lilianzia angani, pale ndege ilipokuwa haijatulia na uamuzi wa kuachana na jaribio hilo haukufanywa.

Vipimo vya kutua vizuri

Anayetaka kujihukumu kwa haki nyumbani anapaswa kuandika mambo matano baada ya kila jaribio. La kwanza ni kimo cha ndege ilipovuka mwanzo wa njia. Kwa ndege kubwa, kimo kinachokusudiwa ni futi 50 hivi. La pili ni kasi yake wakati huo. La tatu ni mahali ilipogusa ardhi: panapaswa kuwa ndani ya futi 3,000 za mwanzo au theluthi ya kwanza ya njia, kutegemea upi ni umbali mfupi zaidi. La nne ni iwapo ilikuwa juu ya mstari wa kati, pua ikielekea mbele bila kwenda upande. Kasi ya kushuka huja ya tano.

Mambo hayo yanahusiana. Katika mteremko wa kawaida wa nyuzi tatu, kila futi 10 zinazozidi kwenye mwanzo wa njia husogeza mahali pa kutua mbele kwa futi 190 hivi. Ndege inayovuka ikiwa na futi 100 badala ya 50 hutua karibu mita 290 mbele ya pale palipokusudiwa, hata kama rubani hatafanya kosa jingine lolote.

Kutua huanzia mbali

Kwa sababu hiyo, mazoezi yenye manufaa huanza maili kadhaa kabla ya uwanja. Mashirika mengi ya ndege hutaka ndege iwe imetulia ifikapo futi 1,000 juu ya uwanja: magurudumu yako nje, mabawa yamepangwa kwa kutua, kasi ni sahihi, na ndege haishuki zaidi ya futi 1,000 kwa dakika. Kanuni nyepesi ya hesabu humsaidia mwanafunzi: azidishe kasi ya ndege juu ya ardhi, kwa noti, mara tano. Noti 140 huhitaji kushuka kwa futi 700 kwa dakika. Taa nne zilizo kando ya njia huthibitisha: mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake ndege iko kwenye mteremko sahihi, nyeupe zikizidi iko juu mno, nyekundu zikizidi iko chini mno.

Mwinuko wa uwanja nao una athari. Aliyezoea kutua Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, atashangaa akijaribu Kigali, iliyo karibu mita 1,500 juu yake. Hewa huko ni nyepesi zaidi, hivyo kipimo cha kasi kinaposoma noti 140, ndege huwa inakwenda kwa noti 150 au zaidi. Hushuka upesi zaidi kwenye mteremko uleule na huhitaji njia ndefu zaidi ili isimame.

Namna ya kuboresha

Njia bora ni kuchagua ndege moja, uwanja mmoja na hali ya hewa tulivu, kisha kurudia jaribio lilelile mara nyingi na kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Upepo wa ubavuni uongezwe baadaye. Kuitazama rekodi ya jaribio kutoka nje ya ndege hufichua makosa ambayo kutoka kwenye kiti cha rubani hayaonekani. Wakati wa kuinua pua, macho yaondoke kwenye lami iliyo karibu na kuelekezwa mwisho wa njia, kwa kuwa hapo ndipo kina cha mshuko hutambulika vyema. Na kila jaribio ambalo halijatulia lighairiwe. Kupaa tena kuhesabiwe kuwa ni mafanikio.

Kompyuta ina mipaka yake. Kioo kimoja hakionyeshi pembeni kwa upana wa macho, na mwili hauhisi ndege inapozama. Saa zinazotumika kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani hazihesabiwi kwa ajili ya leseni. Vifaa vilivyoidhinishwa na mamlaka za usafiri wa anga ndivyo vinavyokubalika. Hata hivyo, kijana anayetamani kuwa rubani anaweza kujifunza sebuleni, bila gharama ya mafuta, tabia ambayo chuo chochote cha urubani kitamdai: kuweka kikomo mapema, na kukiheshimu hata pale njia inapoonekana iko karibu sana kuiacha.