Sanduku la Askari Mstaafu

Askari akistaafu, mara nyingi hurudi nyumbani na begi moja. Ndani mna kofia, medali, picha za wenzake na bahasha ya vyeti. Begi hilo hutupwa juu ya kabati, na panya wanapajua pale. Ndiyo maana siku hizi jamaa huja kwa vikundi vyenye mafundi wakitaka sanduku la kumbukumbu. Ni kazi nzuri, lakini ukikosea umeharibu kitu kisichonunuliwa.

Nasema hivyo kwa sababu tulikosea. Kikundi kimoja nilichokuwa nikikitembelea kilitengeneza sanduku la mgrevelia, majuma matatu tu baada ya mti kupasuliwa. Sherehe ilifana. Kufika masika, mfuniko ulikuwa umejikunja na ukungu umeingia mpaka kwenye vyeti. Mzee alipofariki, mjane alihangaika sana na mambo ya pensheni, maana hata namba ya jeshi ya mumewe haikusomeka.

Basi kwanza ni mbao kavu. Mgrevelia wa shambani wafaa, hata saiprasi. Panga mbao kivulini, mbali na udongo, ukitia vijiti kati yao hewa ipite. Zimekauka lini? Chukua ubao mmoja uupime kwa mizani kila juma. Ukiona uzito haupungui tena, basi uko tayari. Usidanganywe na uso wa ubao, huo hukauka mapema.

Pili, usikate kitu kabla ya kuviona vile vitu. Mwombe mzee avitandaze mezani. Kofia ndiyo huamua kimo, na medali hutaka trei yao ya juu. Mwingine ana pia medali za baba yake aliyekuwa K.A.R. na kupigana Burma mwaka 1944. Mwache asimulie, chai ipo.

Ubao, hata mkavu, hutanuka kwa upana wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Kwa hiyo pembe unganisha kwa meno ya mkia wa njiwa na gundi, lakini sakafu iingize katika mfereji bila gundi, na uache nafasi kidogo. Ukiigandisha, itapasuka. Chini weka miguu ili mchwa wasipate njia ya kujificha.

Ndani usipake vanishi. Wengi hupenda kutandika kitambaa cha sufu chekundu, kweli kinapendeza, lakini sufu ina salfa, na salfa huifanya medali ya fedha iwe nyeusi. Pamba nyeupe iliyofuliwa yatosha. Vyeti viwe katika bahasha safi, na nakala zikae kwa jamaa mwingine, nyumba nyingine.

Na hili msione haya kuuliza: je, kuna risasi? Wako wanaoweka moja kama ukumbusho. Risasi bila leseni ni kosa la jinai hata kama ni kuukuu, na sare ya jeshi nayo si ya kuwekwa nyumbani bila ruhusa. Mzee aulize kikosini kwanza.

Mwisho ni kufuli. Huja na funguo mbili. Moja apewe mzee, ya pili mama watoto, na aonyeshwe bahasha ya vyeti iko upande gani.