Kleist Sykes: Askari, Karani na Mwenye Duka wa Mtaa wa Kipata

Katika Gerezani, mjini Dar es Salaam, uko mtaa ambao wazee wangali wakiuita Kipata ilhali jina lake rasmi ni Mtaa wa Kleist Sykes. Na vijana wapitao hapo mchana kutwa, huyu na robota la vitenge begani, yule akisukuma mkokoteni wa vipuri vya magari, aghalabu hudhani kuwa jina hilo ni la Mzungu fulani wa enzi za ukoloni, mhandisi pengine, au padre.

Hakuwa Mzungu, wala hakuwa padre. Alikuwa Mwislamu mwenye mke na watoto, karani wa reli, mwenye duka, na kabla ya hayo yote askari wa Kaiser wa Ujerumani. Baba yake, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji, miongoni mwa wale waliojulikana huku kwetu kwa jina la Wazulu, ambao Hermann von Wissmann aliwaajiri mwaka 1889, pamoja na Wasudani aliowachukua Misri, ili waje kuvunja vita vya Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na katika mji huohuo wa Pangani, mwaka 1894, ndipo alipozaliwa mtoto huyu, akapewa jina la Abdallah na lile la Kijerumani la Kleist. Mbuwane hakujaliwa kumwona mwanawe akikua, kwani alipokuwa akirejea kutoka vita vya Mkwawa alizama katika mto Ruaha. Wako wasiopenda kukumbushwa kwamba nyumba iliyokuja kutoa wapigania uhuru ilianza na askari wa kukodiwa. Mimi naona nasaba haifanyiwi ufutio, na marehemu mwenyewe hakujaribu kuifuta, maana habari hizi za baba yake tunazo kwa kuwa yeye aliziandika.

Yatima huyo alilelewa Dar es Salaam na Affande Plantan, mkubwa wa Wazulu hao, pamoja na watoto wa nyumba hiyo, mmojawapo akiwa Ramadhani Mashado Plantan, aliyekuja baadaye kuwa mhariri wa gazeti la Zuhra. Alitiwa shule ya Serikali, akajifunza Kijerumani na kazi za ofisini, kisha akaingia jeshi. Na Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 alikuwa kijana wa miaka 20 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari yule ambaye majeshi yake yaliwashinda Waingereza na Wahindi huko Tanga mwezi wa Novemba, kisha yakazunguka nchi nzima kwa miaka minne, na nyuma yao maelfu ya wapagazi wakifa kwa njaa na homa, wengi wao pasipo kuandikiwa kaburi. Dar es Salaam ilitwaliwa na Waingereza Septemba 1916. Sanamu ya Wissmann, bwana aliyemwajiri Mbuwane, ikang'olewa, na mwaka 1927, katika barabara iliyoitwa Acacia na leo yaitwa Samora, wakasimamisha ile sanamu ya askari tunayoijua, kuwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana upande wao. Kleist, ambaye alipigana upande wa pili, wakati huo alikuwa karani katika reli ya hao hao washindi.

Kwangu mimi sifa yake kubwa imo katika kalamu. Dola mbili zilimfundisha kuweka daftari, naye alilichukua jambo hilo la ofisini akalifanya silaha ya watu wake. Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dakta James Aggrey wa Gold Coast, pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kuchunguza elimu ya Waafrika, na Kleist ameeleza kuwa alikutana naye, wakazungumza juu ya haja ya Waafrika kuwa na umoja wao. Miaka mitano ikapita, na mwaka 1929 ikaasisiwa African Association, rais wake Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes, wakiwamo pia kina Mzee bin Sudi na Ibrahim Hamisi. Na katibu ndiye aitaye mkutano, ndiye aandikaye barua kwa Gavana kwa taadhima inayostahili na kwa ukaidi unaostahili, na ndiye awekaye kumbukumbu ili mtu asije kesho akakana alilolisema jana. Jengo la chama lilisimama New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, likijengwa kwa mikono ya wanachama wenyewe, wakijitolea.

Habari ya biashara yake yahitaji kuelezwa pole pole, kwani watu huipita haraka. Mwafrika wa zama zile hakukosa akili ya kuuza na kununua. Alichonyimwa ni mkopo. Iko sheria ya mwaka 1923, iliyowekwa kuzuia kukopeshwa wenyeji, ambayo kwayo mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika deni la mkopo mbele ya mahakama ila awe na idhini ya maandishi kutoka kwa mtawala. Ilitungwa, kama walivyosema watungaji wake, ili kumhifadhi mwenyeji asizame katika madeni, na matokeo yake yakawa kumfungia mlango, maana ni tajiri gani wa duka la jumla atakayemwamini mtu kwa marobota ya nguo na magunia ya mchele hali anajua kwamba siku ya kudai hakimu hatamsikiliza? Basi aliyetaka kufungua duka sharti aanze kwa fedha taslimu, na fedha taslimu ya karani ni mshahara wake, anaoukata kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, baada ya kodi, karo na mazishi ya jamaa. Kleist alipoacha kazi ya reli na kuingia biasharani, miaka ya vita vya pili, alikuwa ameshatumikia mshahara muda mrefu. Wanaorudia hadi leo kwamba Mwafrika hana jadi ya biashara ingefaa waisome kwanza sheria hiyo.

Nyumbani, mkewe Bi. Mluguru binti Mussa alimzalia wana watatu waliopata kujulikana sana: Abdulwahid, aliyezaliwa 1924, Ally, aliyezaliwa 1926, na Abbas mdogo wao. Elimu ya kizungu siku zile ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliogopa, pengine kwa haki, kwamba mtoto angeingia darasani na jina moja akatoka na jingine. Kleist hakuridhika na kunung'unika barazani. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na jumuiya hiyo ikafungua shule iliyosomesha Kurani pamoja na hesabu na Kiingereza, na humo wakasoma wanawe.

Vita vya pili vilipopamba moto, Abdulwahid na Ally wakaingia Keya, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, wakapelekwa Burma kupigana na Mjapani. Babu alibeba bunduki ya Mjerumani dhidi ya watu wa pwani, baba akaibeba ya Mjerumani dhidi ya Mwingereza, na wajukuu wakaibeba ya Mwingereza. Waliporudi hawakuwa na subira ya baba yao. Abdulwahid, baada ya mgomo wa bandarini wa mwaka 1947, akawa katibu wa chama cha makuli, kazi ambayo ilikuwa na hatari kuliko barua zozote za taadhima.

Mzee Kleist alifariki mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 55. Julai 7, 1954, katika jengo lilelile la New Street, kutokana na ile African Association, ikazaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru. Kadi ya kwanza akapewa Julius Nyerere, ya pili ni ya Ally Sykes, ya tatu ni ya Abdulwahid. Abbas alikuja kuwa balozi, na mjukuu mwenye jina la babu yake, Kleist, akawa meya wa jiji mwanzoni mwa karne hii. Mjukuu mwingine, Daisy Sykes Buruku, binti wa Abdulwahid, aliyatumia maandishi ya mzee kutunga wasifu wake, nao ukatoka mwaka 1973 katika kitabu cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Kwa bahati mbaya ni cha Kiingereza, na mtoto wa Gerezani hakioni. Vitabu vya shule aghalabu huanza hadithi ya uhuru mwaka 1954. Wavitungao wangeirudisha nyuma hadi 1929, wakamtaja katibu.