Sinia Mahali pa Zidaka

Aingiaye katika nyumba za Kiembeni, mtaa huu wa bara ya Kisauni, Mombasa, ambamo watu wa kila kabila, wa kazi za bandarini, za ualimu na za biashara, wamejenga au wamepanga, ataona kwamba kuta zake ni za matofali ya saruji, nyembamba na zilizonyooka, zisizokubali kuchimbwa hata tundu la kutilia kibiriti. Jambo hili, ingawa ni dogo machoni pa fundi, limewanyima wenye nyumba kitu ambacho wazee wa pwani walikihesabu katika heshima ya makazi, nacho ni zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Na kwa maoni yangu ndilo lililolipandisha sinia daraja, likatoka jikoni na shughulini, likaja kukaa sebuleni kuwa mahali pa kuwekea vitu vyenye maana.

Zidaka zilikuwa fahari ya majumba ya mawe ya Lamu yaliyojengwa katika karne ya 18. Kuta zake, kwa kuwa zilikuwa za matumbawe na chokaa na unene wake ulikaribia dhiraa, ziliweza kutengenezewa safu juu ya safu za vidaka vilivyonakshiwa, na humo, katika vyumba vya ndani kabisa, zikapangwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina, vyombo ambavyo aghalabu havikutiliwa chakula bali viliwekwa vitazamwe, na wako waliosadiki kuwa vinakinga jicho la hasidi. Mapenzi haya ya kudhihirisha kilicho bora hayakuishia majumbani: kule Mambrui mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika nguzo ya kaburi, na James Kirkman, alipoanza kufukua magofu ya Gede mwaka 1948, alivikuta vipande vya kauri hizo maridhawa. Atakaye kuviona vitu vya namna hii kwa macho yake na avuke daraja la Nyali aende Ngome ya Yesu, ambayo imekuwa makumbusho tangu 1960, ambamo pia vimehifadhiwa vyombo vilivyotolewa chini ya bahari katika Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira.

Ama sinia, hilo halikufuliwa ili liwe pambo. Lilikuwa la kupakulia pilau ya watu wanne au watano walao pamoja, la kupokelea vikombe vya kahawa na kisahani cha halua, la kuchukulia vitu vya posa kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Na chini ya chetezo liliwekwa kwa busara tupu, kwamba kaa likichupa liangukie shaba lisiunguze mkeka. Sinia zuri la sebuleni ni lile ambalo bado linaonyesha kuwa lilifanya kazi. Mtaani hapa liko moja, la shaba ya manjano, ambalo ukingo wake umebonyea upande mmoja kwa kuangushwa katika arusi ambayo mwaka wake hakuna tena anayeukumbuka. Nyuma umesimamishwa mrashi wa shingo ndefu. Mbele yake kiko chetezo cha udongo ambacho moshi wa udi umekitia weusi mdomoni. Na kando vipo vikombe vitatu vya kahawa visivyo na mikono. Basi, hakuna kingine. Sehemu kubwa ya shaba iko wazi, na maua yaliyogongwa katikati yake yanaonekana hata na mtu aliyesimama mlangoni. Mgeni akiuliza kwa nini vikombe ni vitatu, na seti ya kahawa haiuzwi hivyo, mama mwenye nyumba hujibu bila ya kugeuka: “Vitatu vingine viko Likoni kwa dada yangu, mwanangu. Vilikuwa vya bibi, tukagawana.”

Kuzua swali kama hilo ndiyo kazi ya sinia la sebuleni, na ndiyo sababu walijazao vitu hujidhulumu. Maua ya plastiki, mishumaa isiyowashwa, chupa tupu za marashi na sanamu ya twiga vikirundikwa pamoja, sinia hufanana na meza ya mchuuzi wa Marikiti, na jicho halijui lianze wapi. Kirefu na kikae nyuma, kifupi mbele, na kila kitu kipewe nafasi ya kuweza kuinuliwa bila ya kumwangusha jirani yake. Wala si lazima viwe vitu vya Kiislamu au vya pwani: mzee aliyestaafu katika reli aweza kuweka filimbi yake na saa yake ya mfukoni, na Mkamba akaweka kibuyu cha mama yake juu ya chano cha mbao, akipenda kilichochongwa huko Changamwe, ambako ushirika wa wachongaji wa Kikamba umekuwapo tangu 1963.

Viko, hata hivyo, vitu ambavyo maana yake ni kubwa kupita sinia. Msahafu una marufaa yake na hukaa juu ya vingine, si kati ya vikombe. Vigango, zile nguzo ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliokufa, mahali pake ni pale viliposimamishwa, na aliyeviona ni mapambo alifanya wizi: mwaka 2007 jamaa moja ya upande wa Kaloleni ilirudishiwa viwili vilivyoibwa zaidi ya miaka ishirini kabla yake, vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Na makombe ya bahari, ambayo watoto hupenda kuyaleta kutoka ufukweni Bamburi, yasichukuliwe katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, ambayo imelindwa kwa sheria tangu 1986.

Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Dirisha likielekea upepo wa kusi, mng’ao wa leo huwa ukungu wa kahawia baada ya juma chache, na ukiachwa sana huota kutu ya kijani. Dawa ya zamani bado ni dawa: ukwaju ulioroweshwa, au nusu ya limau iliyochovywa chumvi, kwa sababu ukali wake huyeyusha ile kutu bila ya kuikwaruza nakshi, kisha maji safi, na kitambaa kikavu papo hapo, maana tone likiachwa huacha alama. Mchanga na masizi ya chungu, wavitumiavyo wasio na subira, hung’arisha upesi, lakini baada ya miaka huyafuta maua.

Siku ya Idi, wageni wakizidi vyombo, mrashi na vikombe huwekwa kabatini na sinia hurudi kazini. Hapo mwenye nyumba na atazame kwanza kama sinia lake lilipakwa bati juu ya shaba, na kama bati hilo bado lipo. Ikiwa halipo au limelika, na shaba yenyewe inaonekana, wali mkavu juu ya jani la mgomba hauna neno, bali achari na kachumbari ya ndimu viende katika bakuli la kauri, kwa kuwa ukali ule ule uisafishao shaba huichukua ukaitia ndani ya chakula.