Je, Uhai Umetengenezwa Ndani ya Chupa?

Hapa kwetu Sepuka, kama mahali pengi, vijana warudipo shuleni huwauliza wazazi wao: Je, ni kweli kwamba wataalamu wametengeneza uhai ndani ya chupa? Baadhi ya wazazi huwanyamazisha. Sisi twaona haifai, kwani kijana anyimwaye jibu nyumbani hulitafuta kwingine. Yatupasa kwanza tujue ni nini hasa kilichofanywa.

Mwaka 1952, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, mwanafunzi Stanley Miller, chini ya mwalimu wake Harold Urey, alichemsha maji katika chombo cha kioo kilichozibwa, mvuke ukachanganyika na hewa za methani, amonia na haidrojeni. Kisha akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya juma moja maji yalikuwa yamegeuka mekundu, na ndani yake zilionekana asidi za amino, ambazo ndizo vijenzi vya protini za miili yetu.

Tena jambo hili halikuishia Marekani. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa nchi yetu, wakati ule ikiitwa Tanganyika. Mwaka 2001 wachunguzi walitangaza kuwa jiwe hilo lina asidi za amino zilizotokea nje ya dunia. Basi vijenzi hivi hupatikana hata pasipo mtu na chupa yake.

Hali kadhalika, mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza kuwa katika maziwa ya magadi, kama Ziwa Magadi la Kenya, fosfati huweza kujaa tele, kwa sababu magadi huishika kalsiamu ambayo kwingineko huifunga fosfati hiyo. Na hakuna kiumbe kiishicho bila fosfati.

Lakini aonaye rundo la matofali kando ya njia hapa Sepuka hasemi kwamba ameona nyumba. Chembe hai hujilisha, hukua na kuzaana. Na mpaka leo hakuna aliyeipata kwa kuchanganya vitu visivyo na uhai.

Kwa hiyo mzazi asimkataze mwanawe kusoma habari hizi. Na amweleze kwa haki lililopatikana na lisilopatikana. Kujua namna tofali lifinyangwavyo hakumwondoi Mjenzi.

Wallahu aalam.