Tiba ya Katheta kwa Aneurizimu ya Ateri ya Bandama

Ateri ya bandama hupita nyuma ya tumbo la chakula, ikiambaa ukingo wa juu wa kongosho hadi kwenye bandama. Kwa nadra, ukuta wake hudhoofika mahali fulani na kututumka mithili ya puto. Hali hiyo huitwa aneurizimu. Miongoni mwa aneurizimu za ateri zinazolisha viungo vya tumboni, hii ndiyo inayoonekana zaidi, na huwapata wanawake takriban mara nne kuliko wanaume.

Ujauzito wa mara nyingi na shinikizo kubwa katika vena ya lango la ini huongeza uwezekano wa kuipata. Katika maeneo ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ni mojawapo ya vyanzo vya shinikizo hilo. Jeraha au uvimbe wa kongosho nao huweza kusababisha aneurizimu bandia, ambayo hupasuka kwa urahisi zaidi.

Wagonjwa wengi hawana dalili. Tatizo hugunduliwa kwa bahati wakati wa kipimo cha ultrasaundi au CT. Hatari kubwa ni kupasuka, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ambapo mama na mtoto wengi hupoteza maisha. Mama hupata maumivu makali upande wa juu kushoto wa tumbo, pengine hadi bega la kushoto, kisha huzirai. Mara nyingine damu hunaswa kwanza nyuma ya tumbo la chakula. Mgonjwa hupata nafuu ya muda, kisha hutokwa damu upya kwa wingi. Mhudumu wa afya asihadaike na nafuu hiyo, wala asifikirie kubanduka kwa kondo la nyuma peke yake.

Kwa kawaida tiba hushauriwa aneurizimu ikifikia sentimita 3. Yenye dalili, ile bandia, au ya mwanamke anayeweza kushika mimba hutibiwa bila kujali ukubwa wake.

Katika tiba ya katheta, mgonjwa huchomwa ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono. Daktari huingiza mrija mwembamba ndani ya ateri na kuuongoza kwa picha za eksirei hadi penye tatizo. Kisha hupanga nyuzi za metali zilizojiviringa, zinazogandisha damu. Ateri huzibwa mbele na nyuma ya aneurizimu, kwa kuwa damu huweza kurejea kupitia matawi ya upande wa pili. Matawi hayo hayo, yatokayo tumboni, ndiyo huiwezesha bandama kuendelea kuishi. Pale inapofaa, stenti yenye kitambaa huwekwa ili damu ipite bila kuigusa aneurizimu.

Mgonjwa hukwepa kupasuliwa tumbo na hupona mapema. Hata hivyo, homa na maumivu ya siku chache huweza kutokea, na sehemu ya bandama huweza kufa au kufanya jipu. Homa isiyokoma au maumivu yanayozidi humlazimu kurudi hospitali mara moja. Vipimo vya ufuatiliaji navyo visiachwe, kwani aneurizimu iliyozibwa huweza kupata damu tena. Aliyepasukiwa na ambaye hali yake haijatulia huhitaji kuongezewa damu na upasuaji wa dharura. Kungoja katheta kusimcheleweshe.

Mwanamke aliyeambiwa ana aneurizimu hii na apate ushauri wa bingwa kabla ya kubeba mimba, wakati tiba ingali salama zaidi.